Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu: Ruhusa ya kufanyia kazi nyumbani isiwe zawadi ya kugawiwa

Kwa Mkurugenzi Mkuu na Bodi ya Wakurugenzi,
Upper Hill,
Nairobi.

KUH: MPANGO WA KUFANYIA KAZI NYUMBANI NA OFISINI

Bwana Mkurugenzi Mkuu,

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni mfanyakazi wako katika idara ya madai. Jina la kampuni yetu ya bima sitalitaja hapa, wala jina la mkuu yeyote, kwa sababu sikusudii kumwaibisha mtu. Utakapoisoma barua hii utajua ni yako, na hilo linanitosha.

Ningependelea haya yazungumzwe ndani kwa ndani, na kweli tulijaribu. Tuliyasema kwenye mikutano ya idara. Tuliiandikia Idara ya Rasilimali Watu. Wengi wetu tulitia sahihi waraka mmoja ukapelekwa kwako kupitia kwa katibu wako, na nakala yake yenye muhuri wa kupokelewa tunayo. Jibu lililorudi kila mara ni kwamba suala linashughulikiwa. Wakati likishughulikiwa, mwenzetu mmoja ameandikiwa barua ya onyo kwa kosa la kutoonekana kwenye skrini, na wengine wawili, watu hodari sana wa kuchambua madai, wameacha kazi. Ndiyo maana leo nasema hadharani.

Nianze na tulikotoka, maana si wote kwenye Bodi waliokuwapo. Machi 15, 2020, siku mbili baada ya kisa cha kwanza cha korona kutangazwa nchini, Rais Uhuru Kenyatta aliwataka waajiri wawaruhusu watu wao wafanyie kazi nyumbani, isipokuwa wale wa huduma muhimu. Wiki ile tulibeba kompyuta za mezani kwa teksi na kwa bodaboda, nyaya tumezitia kwenye mifuko ya nguo. Hakuna aliyetuuliza meza tutaitoa wapi. Kafyu ikaanza kabla ya mwezi kwisha, ikaendelea hadi Oktoba 2021, na muda huo wote madai ya wateja yalilipwa. Wewe mwenyewe ulitushukuru kwa maandishi.

Baadaye ukaja mpango wa mseto: siku mbili ofisini, tatu nyumbani. Kampuni ikamrudishia mwenye jengo orofa moja kati ya zile ilizokuwa imekodi. Watu nao wakapanga maisha yao kwa kuutegemea mpango huo. Wako waliohamia Juja na Kitengela, ambako kodi ni nafuu, kwa sababu nauli ya siku mbili kwa wiki wangeimudu. Wako waliowapeleka watoto shule za huko. Kisha siku moja, bila mashauriano yoyote, waraka ukatoka: siku nne ofisini, Jumatatu hadi Alhamisi, "isipokuwa kwa idhini ya mkuu wa idara".

Shida yote imezaliwa na hayo maneno ya mwisho. Sidai kila mtu akae nyumbani. Ofisi ina kazi yake, na nitaieleza hapa chini. Ninachotaka ni kwamba kanuni ya nani awe wapi, na siku gani, itokane na kazi yenyewe, iandikwe, na imhusu kila mtu sawasawa. Malalamiko yetu ni haya:

1. Idhini imekuwa zawadi. Katika idara yetu wapo maafisa wawili wanaoshughulikia madai ya magari, kazi ileile, cheo kilekile, mzigo uleule. Mmoja huja ofisini siku zote nne. Mwingine huweza kumaliza wiki mbili bila kukanyaga Upper Hill, kwa sababu anaelewana na mkuu. Simlaumu huyo anayebaki nyumbani, kwani amepewa na amepokea. Ninalaumu utaratibu usiokuwa na kipimo. Mama mmoja miongoni mwetu aliomba siku mbili za kufanyia kazi nyumbani mtoto wake alipotoka hospitalini baada ya upasuaji. Alinyimwa. Wiki hiyohiyo mwenzake alipewa ruhusa ili asimamie mafundi waliokuwa wakimjengea huko Ruai. Hakuna aliyeandika sababu ya jibu lolote kati ya hayo mawili, kwa hiyo hakuna pa kukata rufaa.

Matokeo yake unaweza usiyaone ukiwa orofa ya juu, nami ningeomba uyaone. Orodha ya zamu hutumwa Jumapili jioni kwenye kundi la WhatsApp, na tangu Alhamisi watu huanza kumwendea mkuu kwa unyenyekevu. Mtu anayengoja ruhusa hawezi kumwambia mkuu wake mbele ya wengine kwamba dai fulani limekataliwa kimakosa. Nimeona vikao ambavyo kila mmoja alijua mjane wa watu ananyimwa haki yake kwa kusomwa vibaya kwa tarehe ya kumalizika kwa bima, na kimya kikatanda mpaka mtu ambaye hana haja na siku za nyumbani akanyoosha mkono. Hiyo ni hasara ya kampuni, Bwana Mkurugenzi, kabla haijawa yetu. Na sisi kwa sisi tumeanza kuitana "watu wa nyumbani" na "watu wa ofisini", kwa uchungu ambao haukuwapo hata mwaka ule mgumu wa 2020.

Kisheria nitasema kweli yote, hata upande usionifaa. Kifungu cha 10 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinataka mahali pa kazi paandikwe katika mkataba, na mabadiliko yafanywe kwa kushauriana na mfanyakazi, kisha aarifiwe kwa maandishi. Mikataba yetu sisi wa zamani inasema mahali pa kazi ni ofisini. Kwa hiyo siji kwako na dai kwamba sheria inanipa haki ya kukaa nyumbani. Lakini walioajiriwa baada ya 2021 barua zao zinasema nyumbani na ofisini, na hao mlibadilisha masharti yao kwa waraka mmoja bila kuwauliza neno.

2. Tunaitwa ofisini, na ofisini hakuna mahali. Orofa mliyoirudisha ndiyo iliyokuwa na meza za idara yetu. Sasa watu ni walewale na meza zimepungua. Anayetoka Rongai huamka saa kumi alfajiri ili apite Bomas kabla magari hayajashikana. Mwenzangu mmoja alifanya hivyo juzi, akaingia saa moja na nusu, akakuta viti vyote vina watu. Alikaa kantini karibu na sinki, laptopu juu ya meza iliyolowa chai, akajiunga na mkutano wa video. Mkutano ulikuwa wa watu saba: yeye, wanne waliokuwa orofa ya juu yake, mmoja aliyekuwa nyumbani kwa idhini, na mkuu wa idara ofisini mwake, mlango umefungwa. Baadaye alitakiwa kumpigia simu mteja aliyefiwa na mumewe katika ajali ya barabarani. Alishuka ngazi hadi kwenye maegesho, akazungumza akiwa amesimama kati ya magari, ili yule mama asisikie kelele za vyombo vikioshwa.

Mtu huyo angefanya mambo hayo mawili vizuri zaidi sebuleni kwake. Na hapa ndipo ningependa kueleza ofisi inafaa kwa nini, kwa sababu naipenda. Nilijifunza kutambua hati ya polisi ya ajali iliyoghushiwa kwa kukaa kando ya mzee mmoja wa idara yetu ambaye sasa amestaafu. Alikuwa akiitandaza mezani pamoja na fomu ya P3, ile ya polisi inayoeleza majeraha ya mtu, na ripoti ya mkaguzi wa gari, ananiuliza: huyu dereva aliumia mkono wa kulia, na gari limegongwa upande wa kushoto, unaona nini? Masomo ya namna hiyo hayaji kwa barua pepe. Vijana wetu wapya wanayahitaji sana, na leo hawayapati nyumbani wala ofisini, kwa sababu siku wanayokuja wao, wajuzi wamepewa idhini ya kutokuja, na siku wajuzi wanapokuja, kila mmoja ameketi alikobahatika kupata kiti. Tuite siku moja au mbili, sote wa idara kwa pamoja, meza zikiwapo na kazi ya siku hiyo ikiwa inajulikana. Utatuona tumefika mapema.

3. Kuna ambao hawajawahi kuulizwa chochote. Wafanyakazi wenzangu wengi wakizungumzia mseto huwasahau matarishi, madereva, wanaotupikia chai, wasafishaji, walinzi, wapokezi na wanaopokea malipo dirishani. Kazi yao haiwezi kufanyiwa nyumbani. Mseto ulituondolea sisi nauli na foleni za barabarani, na wao haukuwapa hata senti. Kwa kweli uliwaongezea kazi: faili ambazo zamani zilitoka meza moja hadi nyingine sasa tarishi huzipeleka kwa pikipiki hadi Ruaka na Syokimau, mvua inyeshe isinyeshe, na mshahara wake haujabadilika.

Nikukumbushe Juni 2024. Maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha yalipokuwa yakifanyika Jumanne na Alhamisi, sisi wenye laptopu tulitumiwa ujumbe jioni ya kuamkia siku hizo: kesho kaeni nyumbani. Tarehe 25, siku ambayo waandamanaji waliingia Bungeni na watu wakauawa kwa risasi, sisi tulikuwa majumbani tukishughulikia madai. Ujumbe ule haukuwafikia wahudumu wa ofisi kwa sababu hawamo kwenye kundi. Tarishi mmoja alitoka Mukuru kwa miguu, matatu hazikuwapo, akafika karibu na Haile Selassie Avenue akakutana na vitoa machozi, akarudi alikotoka. Mwisho wa mwezi alikatwa mshahara wa siku hiyo. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira kinaruhusu kukata mshahara wa siku ambayo mtu hakufika kazini bila ruhusa wala sababu halali. Kama yaliyokuwa barabarani siku ile hayakuwa sababu halali, basi na sisi tuliobaki nyumbani kwa ujumbe wa simu tungekatwa. Fedha hizo hajarudishiwa hadi leo. Tulipouliza, tuliambiwa wengine wao si wafanyakazi wetu, ni wa kampuni ya kandarasi. Yeye tarishi ni wetu, ana nambari ya mfanyakazi. Na hao wa kandarasi, mkataba wao mmeutia sahihi ninyi, kwa hiyo mnaweza kuweka ndani yake masharti ya kuwalinda siku kama hiyo.

4. Programu mliyoweka kwenye laptopu zetu mwanzoni mwa 2024. Programu hiyo hupiga picha ya skrini kila baada ya dakika chache na kuhesabu jinsi kipanya kinavyosogea na vitufe vinavyobonyezwa. Ukikaa kimya kidogo, alama yako hugeuka kutoka kijani kuwa kijivu, na kijivu kikizidi unaitwa kujieleza. Sasa fikiria kazi yetu ilivyo. Dai la majeruhi linaweza kuwa na kurasa mia za hospitali zilizoandikwa kwa mkono. Afisa mzuri hukaa na kurasa hizo, kalamu mkononi, akilinganisha tarehe. Kipanya hakisogei. Kwa hesabu ya programu huyo amelala. Anayefungua na kufunga barua pepe kutwa nzima, asiyeamua dai hata moja, ndiye kijani. Barua ya onyo niliyoitaja mwanzoni ilimwendea afisa ambaye mwezi huohuo alikuwa amegundua dai la uongo lililokaribia kulipwa. Wengine sasa husoma kwa jicho moja huku kidole kikisukuma kipanya, na hayo ndiyo mafunzo tuliyoyapata kutokana na gharama hiyo mliyoingia.

Mei 2024 nyaya mbili za intaneti za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na mtandao ukasuasua Afrika Mashariki nzima. Benki zilisuasua, ofisi za serikali zilisuasua. Ripoti ya programu wiki ile ilionyesha kwamba sisi ndio tuliozembea, na hakuna aliyekaa kuifuta.

Lililo zito zaidi ni hili. Ibara ya 31 ya Katiba inalinda faragha. Kifungu cha 29 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinamtaka anayekusanya taarifa za mtu amweleze kabla ya kuzikusanya: anakusanya nini, kwa nini, na atampa nani. Kifungu cha 35 kinatukinga na maamuzi makubwa yanayofanywa na mashine peke yake. Sisi programu tuliikuta asubuhi imeshawekwa. Na picha hizo za skrini haziishii kwetu: ndani yake zimo ripoti za hospitali za wateja, ambazo kwa sheria hiyohiyo ni taarifa nyeti. Je, mteja wetu aliyevunjika nyonga huko Salgaa anajua kwamba picha ya eksirei yake imehifadhiwa kwenye mtambo wa kampuni ya programu, katika nchi ambayo hata sisi hatujaambiwa? Ninaomba swali hili lijibiwe na mwanasheria wa kampuni, kwa maandishi, kabla halijaulizwa na Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.

5. Kazi haina mwisho wa siku. Anayefanyia kazi nyumbani hudhaniwa yuko kazini mpaka alale. Ujumbe wa saa tatu usiku hutakiwa kujibiwa saa tatu usiku. Mwaka 2022 Seneta Samson Cherargei wa Nandi alipeleka Seneti mswada wa kumpa mfanyakazi haki ya kutojibu simu na ujumbe wa kazi nje ya saa za kazi, na chama cha waajiri kikaupinga. Hatuhitaji kulingoja Bunge. Ni suala la wakuu wetu kuandika ujumbe usiku wakitaka, na kuutuma asubuhi.

6. Gharama. Tokeni za stima, intaneti, kiti cha kukalia: vyote vya nyumbani tunajilipia. Nauli ya siku nne nayo tunajilipia, na kila mkazi wa Nairobi anajua nauli ya jioni mvua ikinyesha. Makato ya SHIF, bima ya afya ya jamii, ni asilimia 2.75 na ya nyumba za bei nafuu asilimia 1.5, juu ya kodi ya mapato na akiba ya uzeeni ya NSSF, kwa hiyo kinachofika mkononi kimepungua hata kabla ya kutoka mlangoni. Nakuomba pia uwakumbuke vijana wanaoishi chumba kimoja Kasarani na Umoja, ambao kwao nyumbani ni kitanda na jiko, wanaotamani meza ya ofisini hata siku tano na hawaipati kwa sababu zamu imewaweka nyumbani. Waraka wenu haukuwafikiria hao kabisa.

7. Vyeo. Waliopandishwa mwaka huu katika idara yetu wote ni wanaokaa karibu na mlango wa mkuu. Jambo hili limeshapimwa kwingine. Nicholas Bloom wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake walifanya jaribio katika kituo cha simu cha kampuni ya usafiri ya Ctrip huko China mwaka 2010 na 2011. Waliofanyia kazi nyumbani waliongeza utendaji kwa asilimia 13, lakini ukilinganisha watu wa utendaji uleule, walipandishwa vyeo mara chache kuliko waliobaki ofisini. Huenda walikuwa wamesahauliwa. Kampuni hiyo, ambayo siku hizi ni Trip.com, ilijaribu tena mwaka 2021 na 2022 kwa wafanyakazi 1,612, safari hii kwa mseto wa siku mbili nyumbani zilizopangwa, zilezile kwa wote wa kundi hilo. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Nature mwaka 2024: utendaji haukushuka, upandishaji vyeo haukutofautiana, na walioacha kazi walipungua kwa theluthi moja. Mwenyekiti wa kampuni yenyewe, James Liang, ni mmoja wa waandishi. Nakusihi uisome ripoti hiyo, hasa sehemu inayosema kwamba mameneja kabla ya jaribio walitarajia utendaji ushuke, na baada ya kuuona kwa macho wakabadili mawazo.

Najua majibu tutakayopewa, kwa sababu tumeshayapewa kwa mdomo.

Tutaambiwa kufanyia kazi nyumbani ni hisani, si haki. Sawa, iwe hisani. Hata hisani ya mwajiri haiwezi kutolewa kwa upendeleo; kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira kinamtaka mwajiri atoe nafasi sawa na apambane na ubaguzi. Tena mkijua ni hisani, msiitumie kupunguza kodi ya jengo na hapohapo mkatukaripia kwa kutokuwapo kwenye jengo mlilolipunguza.

Tutaambiwa wako waliotumia siku za nyumbani kufanya kazi nyingine. Wako, na wengine wetu tunawajua. Waite, wape nafasi ya kujieleza, waadhibu kwa utaratibu uliopo. Utawajua kwa madai yasiyoshughulikiwa, ambayo mkuu wa idara anaweza kuyahesabu bila picha ya skrini ya mtu.

Tutaambiwa siri za wateja haziko salama majumbani. Hoja hii naikubali kwa moyo wangu wote. Faili ya hospitali haifai kulala juu ya meza ya chakula watoto wakipita. Basi wekeni kanuni: karatasi zote za majeruhi zisomwe ofisini, siku zile za pamoja, na nyumbani ziende kazi za mfumo tu, kwa njia ya mtandao iliyofungwa vizuri. Hiyo ni kanuni itokanayo na kazi, na ndiyo tunayoililia. Inashangaza kwamba siri hizo huwa hatarini tunapoomba siku ya nyumbani, na hazikuwa hatarini siku mliyotutuma wote nyumbani kwa sababu ya maandamano.

Tutaambiwa pia kwamba mkuu wa idara ndiye anayewajua watu wake. Anatujua, kweli. Basi aandike sababu zake, nasi tuzisome.

Haya ndiyo tunayoyaomba. Kwanza kabisa, tarishi yule arudishiwe mshahara wake wa Juni 25, 2024, pamoja na wengine wote waliokatwa siku hizo. Hilo halihitaji kamati. Linahitaji sahihi moja.

Pili, waraka wa siku nne usimamishwe mpaka iandikwe sera mpya, na wanaoiandika wasiwe wakuu wa idara peke yao. Wawemo wafanyakazi waliochaguliwa na wenzao, na miongoni mwao awemo angalau mmoja wa wale wasioweza kufanyia kazi nyumbani. Sera hiyo iseme kazi ipi ifanyiwe wapi na kwa nini, siku za pamoja za kila idara zijulikane mwezi mzima kabla, maombi ya dharura yajibiwe kwa maandishi, na asiyeridhika awe na mahali pa kupeleka malalamiko yake nje ya idara. Idadi ya siku ikitoka mbili, au tatu, au hata nne kwa idara fulani, tutaikubali mradi tumeelezwa sababu na meza zipo.

Tatu, programu izimwe, picha zilizokusanywa zifutwe baada ya mwanasheria kuthibitisha zilikuwa na nini na zilikwenda wapi, na barua ya onyo iliyotokana nayo iondolewe kwenye faili ya mwenzetu. Tupimwe kwa madai tuliyoyaamua, kwa usahihi wake, na kwa jinsi wateja walivyohudumiwa.

Nne, sehemu ya fedha zinazookolewa kwa ile orofa iwe posho ya nauli kwa wanaolazimika kuja kila siku. Sisi wa laptopu tukikosa posho ya intaneti mwaka huu tutavumilia. Wao waanze.

Nakala ya barua hii nimeipeleka kwa Mwenyekiti wa Bodi na kwa Idara ya Rasilimali Watu. Naomba jibu la maandishi katika muda wa siku 30, lielekezwe kwa wafanyakazi wote, wakiwemo wasiokuwa na barua pepe ya kampuni. Kwao libandikwe kwenye ubao ulio karibu na jiko la chai. Muda huo ukipita bila jibu, suala la mshahara uliokatwa tutalipeleka kwa Afisa wa Leba, na la programu kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Kabla ya hapo niko tayari kuja ofisini kwako saa na siku utakayoichagua, pamoja na wenzangu, tuyazungumze.

Wako mtiifu,

Mfanyakazi, Idara ya Madai
Nairobi